Asidi amino za kolajeni kwa ngozi na nywele: jinsi ya kuzichagua, kuzichanganya na kuzitumia

Supu ya makongoro ikilala usiku kucha kwenye sufuria, asubuhi unaikuta imeganda na inatikisika. Kilichoigandisha ni jelatini, yaani kolajeni ya ngozi, kano na mifupa ya ng'ombe iliyolegezwa na moto. Kiwandani jelatini hiyo hukatwa zaidi kwa vimeng'enya au kwa asidi ikawa vipande vifupi viitwavyo peptidi. Ukataji ukiendelea mpaka kila pingili ya mnyororo imeachana na mwenzake, zinabaki asidi amino peke yake. Hizo hazigandi tena hata ukizitia kwenye friji. Huuzwa zikiwa kimiminika cha rangi ya chai nyepesi au unga mweupe, huyeyuka kwenye maji mara moja, na lebo za vipodozi huziandika Collagen Amino Acids.

Ukiona lebo imeandikwa Hydrolyzed Collagen, hizo ni peptidi. Ikiandikwa Soluble Collagen, hiyo ni kolajeni karibu nzima. Ni vitu vitatu tofauti, na maneno hayo hayana budi kusomwa kabla ya kutazama picha ya mbele ya kopo, kwa sababu ukubwa wa molekuli ndio unaoamua kitu kinaishia wapi kwenye mwili. Kolajeni nzima ina uzito wa dalton 300,000 hivi (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli). Peptidi za vipodozi mara nyingi huwa na dalton elfu chache. Glisini, ambayo ni karibu theluthi moja ya pingili zote za kolajeni, ina dalton 75 tu. Prolini 115, hidroksiprolini 131, arjinini 174. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kwamba molekuli inayozidi dalton 500 hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa hiyo kolajeni nzima hukaa juu ya ngozi kama utando, na asidi amino huweza kuingia kwenye tabaka la juu lenye seli zilizokufa.

Zinafanya kazi gani, na kazi gani haziwezi

Tabaka hilo la juu lina mfumo wake wa kushika maji, na takriban asilimia 40 ya mfumo huo ni asidi amino ambazo ngozi yenyewe huzitengeneza kwa kuvunja protini yake. Sabuni kali, maji ya moto na kujisugua kila siku huziondoa. Unapopaka asidi amino za kolajeni unarudisha sehemu ya kile kilichosombwa: ngozi inashika maji vizuri zaidi, inalainika, na mistari midogo ya ukavu inapungua kwa saa kadhaa. Hiyo ni kazi ya maana, na kiambato hiki huifanya vizuri.

Hazijengi kolajeni mpya usoni. Kiini cha seli hakina hata alama ya kuagiza hidroksiprolini. Seli hupanga kwanza prolini kwenye mnyororo, kisha baadhi ya prolini hizo huzigeuza kuwa hidroksiprolini kwa msaada wa vitamini C. Hidroksiprolini uliyoipaka kutoka nje haina mahali pa kuingizwa. Anayekuuzia krimu kwa ahadi kwamba kolajeni yake itaziba makunyanzi anakuuzia kitu ambacho mwili haukifanyi. Wala asidi amino hizi haziifanyi ngozi kuwa nyeupe. Ukikuta sabuni au krimu yenye neno kolajeni na ahadi ya kung'arisha ngozi kwa siku saba, hofu yako iwe zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali zilizomo ndani, yaani mkorogo uliovishwa jina zuri.

Kwenye nywele hadithi ni tofauti kidogo. Unywele ni keratini, na keratini imeshikiliwa na vifungo vya salfa vinavyotokana na sistini. Kolajeni karibu haina sistini kabisa, na haina triptofani. Vifungo vilivyokatwa na dawa ya kulainisha nywele, bleach au rangi haviungwi tena na kiambato hiki. Kinachofanyika ni kwamba unywele ulioharibika huwa na chaji hasi nyingi juu yake, na arjinini na laisini, ambazo zina chaji chanya, hujishikiza hapo. Zile ndogo huingia ndani ya unywele wenye maji na kusaidia kushika unyevu. Unywele unapinda bila kukatika haraka, unapitika na chanuo kwa urahisi, na hauwi mgumu kama unavyokuwa ukizidisha protini kubwa kubwa.

Kununua bila kudanganywa

Omba hati mbili: hati ya kiufundi na hati ya uchambuzi wa shehena uliyouziwa. Humo tafuta kwanza asilimia ya yabisi, yaani kitu kikavu kinachobaki maji yakiondolewa. Kimiminika kinaweza kuwa na yabisi asilimia 20, 25, 40 au zaidi, na bila namba hiyo huwezi kukokotoa kipimo. Kisha tazama uwiano wa nitrojeni ya amino na nitrojeni yote. Kadiri uwiano huo unavyopanda, ndivyo minyororo ilivyokatwa zaidi. Ukiwa mdogo sana, umeuziwa peptidi au jelatini kwa jina la asidi amino. Tazama pia majivu au chumvi. Ukataji kwa asidi hidrokloriki humalizika kwa kutiwa sodiamu hidroksaidi ili kutuliza asidi, na viwili hivyo vikikutana huzaa chumvi ya kawaida. Chumvi hiyo ina madhara kwenye jeli, kama tutakavyoona.

Uliza mnyama. Kolajeni hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki, na jina la kwenye lebo halisemi ni yupi. Kwa Mwislamu, na kwa yeyote anayejali, muuzaji atoe maandishi ya chanzo na cheti cha halali. Jibu la mdomo halitoshi. Samaki ni chanzo kizuri: ngozi na mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yana kolajeni tele. Asiyetaka mnyama kabisa anunue asidi amino za mimea, na vipimo vya hapa chini vitamfaa vilevile.

Unga usio na hati unaweza kuupima nyumbani. Yeyusha gramu 1 kwenye gramu 9 za maji ya moto, acha ipoe, weka kwenye friji usiku mzima. Ikiganda, ni jelatini. Ikibaki maji maji, imekatwa. Ila jaribio hili halitenganishi peptidi na asidi amino.

Usijaribu kuzitengeneza jikoni. Maabara huikata protini mpaka asidi amino kwa asidi hidrokloriki nzito, moto wa nyuzi 110 za Selsiasi na muda wa saa 24 hivi. Kuchemsha makongoro au ngozi ya samaki, hata kutwa nzima, hukupa jelatini, na jelatini isiyohifadhiwa huoza ndani ya siku moja kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Kipimo

Kwa vipodozi vinavyobaki mwilini, lenga yabisi asilimia 0.5 hadi 1.5. Hesabu yake: gawa asilimia unayoitaka kwa asilimia ya yabisi iliyomo kwenye kimiminika, kisha zidisha kwa 100. Ukitaka asilimia 1 na kimiminika chako kina yabisi asilimia 25, utaweka gramu 4 katika kila gramu 100. Kikiwa na asilimia 40, utaweka gramu 2.5. Unga mkavu wenyewe, gramu 1. Kuzidisha hakuongezi faida. Kunaongeza harufu, kunata na chakula cha bakteria.

Kwenye shampuu usihangaike. Sehemu kubwa huondoka na maji, na bei ya ziada ya shampuu yenye kolajeni ni afadhali uitumie kwenye kondishena au kwenye kipodozi kisichooshwa.

Vifaa

Unahitaji mizani ya vito inayosoma gramu 0.01, bika mbili za kioo, kijiko cha chuma kisichoshika kutu, karatasi za pH (kipimo cha ukali wa asidi) zinazoonyesha tofauti ya nusu, spiriti ya asilimia 70 na chupa mpya zenye kifuniko cha pampu au cha kunyunyiza. Usipime kwa vijiko vya chai. Kijiko cha gliserini na kijiko cha maji havina uzito mmoja, na kihifadhi kinahitaji usahihi wa sehemu ndogo ya gramu.

Maji yawe yaliyokenekwa, ya duka la dawa au la vifaa vya maabara. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yaache: hayatengenezwi kwa ajili ya ngozi, na chupa inayofanana nayo yaweza kuwa na asidi ya betri. Maji ya bomba na ya kisima yana chuma na chokaa, na chuma hubadilisha rangi ya mchanganyiko.

Kihifadhi si hiari. Asidi amino ni chakula bora cha bakteria na ukungu, na mchanganyiko wenye maji na asidi amino bila kihifadhi unaweza kuharibika ndani ya siku chache kabla hujaona dalili yoyote kwa macho. Mchanganyiko wa pombe ya benzili na asidi dehidroasetiki, kwa asilimia 0.8, unafaa kwa vipodozi hivi kwa sababu unafanya kazi mpaka pH 6 hivi. Sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti zinataka pH iliyo chini ya 5, kwa hiyo zinaifaa nywele kuliko ngozi. Epuka vihifadhi vinavyoachia fomaldehaidi, kama DMDM Hydantoin na Imidazolidinyl Urea. Fomaldehaidi hushikana na asidi amino, hivyo kihifadhi na kiambato vyote viwili hupungua nguvu.

Maji ya kunyunyiza nywele, gramu 100

Maji yaliyokenekwa gramu 91. Gliserini gramu 3. Panthenoli gramu 1. Kimiminika cha asidi amino chenye yabisi asilimia 25, gramu 4. Kihifadhi gramu 0.8. Matone ya asidi sitriki iliyoyeyushwa, kama gramu 0.2. Asidi sitriki hiyo iandae kando kwanza: gramu 1 ya unga kwenye gramu 9 za maji.

1. Osha vyombo, vinyunyizie spiriti, viache vikauke vyenyewe. Ukivifuta kwa kitambaa cha jikoni unavirudishia vijidudu ulivyoviua.

2. Weka bika kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, pima maji. Ongeza gliserini na panthenoli, koroga mpaka michirizi ya utelezi ipotee.

3. Ongeza asidi amino. Moto hauhitajiki. Kwa losheni iliyopikwa, subiri ishuke chini ya nyuzi 40 ndipo uzitie.

4. Tia kihifadhi, koroga dakika tatu hadi tano. Pombe ya benzili huelea kama vitone vya mafuta na huchelewa kuyeyuka. Ukimimina kabla ya wakati, chupa ya kwanza itapata kihifadhi chote na ya mwisho itakosa.

5. Sasa ndipo upime pH, maana kihifadhi hiki nacho hushusha pH kidogo. Lengo ni 4.5 hadi 5. Ikiwa juu, tia tone moja moja la asidi sitriki, koroga, subiri dakika moja, pima tena. Ikipita chini ya 4.5, punje chache za magadi soda zilizoyeyushwa kwenye maji zitaipandisha.

6. Jaza chupa, andika tarehe, pima pH tena kesho yake. Ikiwa imehama zaidi ya nusu, kuna kosa kwenye mizani au kwenye maji.

Matumizi: osha nywele, ziache na unyevu, zigawe mafungu manne. Nyunyiza mara tano au sita kwa kila fungu, pitisha chanuo lenye meno mapana kuanzia ncha kwenda juu, kisha funga unyevu kwa mafuta kidogo. Mafuta ya nazi yanafaa, na yana kazi nyingine pia: ukiyapaka kabla ya kuosha, huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ukiwa umesuka rasta, lenga ngozi ya kichwa na mizizi, na acha vikauke kabisa kabla ya kulala au kufunga kitambaa. Unyevu uliofungiwa chini ya rasta ndio chanzo cha ile harufu ya kichwa.

Nywele zenye dawa

Dawa ya kulainisha nywele ina pH ya 12 na zaidi. Usichanganye asidi amino ndani yake kwa imani kwamba zitapunguza madhara. Fuata utaratibu wa dawa mpaka mwisho: ioshe, tumia shampuu ya kutuliza mpaka povu lake lisionyeshe tena rangi ya onyo, suuza. Hapo ndipo maji ya kunyunyiza yenye pH 4.5 yanapofaa, kwani unywele bado umevimba na uso wake umejaa chaji hasi. Nyunyiza, subiri dakika tano, endelea na kondishena.

Kila wiki unaweza kuchanganya gramu 30 za kondishena ya dukani na gramu 1 ya kimiminika cha asidi amino kwenye bakuli, ukapaka, ukavaa kofia ya plastiki dakika 15 na kusuuza. Changanya kiasi cha siku hiyo tu. Ukimimina asidi amino kwenye kopo zima, unakipunguza nguvu kihifadhi cha kiwanda na kuwaletea vijidudu chakula kipya.

Vuta unywele mmoja ukiwa umeloa. Ukirefuka kama mpira na usirudi, asidi amino peke yake hazitatosha. Unahitaji protini kubwa zaidi zinazotengeneza utando, hasa za keratini. Ukikatika bila kurefuka, acha protini za aina zote kwa wiki kadhaa, tumia kondishena ya kulainisha tu.

Seramu ya uso, gramu 100

Maji gramu 88.9, gliserini gramu 4, gundi ya zanthani gramu 0.3, kimiminika cha asidi amino chenye yabisi asilimia 25 gramu 5, panthenoli gramu 1, kihifadhi gramu 0.8. Kanda zanthani ndani ya gliserini kwanza mpaka iwe uji laini. Ukiinyunyizia moja kwa moja kwenye maji itatoa madonge ambayo hayatayeyuka hata ukoroge nusu saa. Mimina maji juu ya uji huo huku ukikoroga, uache upumzike dakika 20 uvimbe, ndipo utie vilivyobaki. pH iwe 5 hadi 5.5.

Zanthani imechaguliwa kwa sababu ya ile chumvi. Kabomeri, ambayo hutoa jeli ang'avu inayopendwa na wengi, huvunjika ikikutana na chumvi: jana jeli nzito, leo maji. Ukitaka kuitumia, nunua asidi amino zenye majivu machache na weka kiasi kidogo.

Paka matone manne hadi sita kwenye uso wenye unyevu, kisha losheni au mafuta juu yake. Asubuhi malizia kwa kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Kinga ya jua ndiyo inayolinda kolajeni uliyozaliwa nayo. Seramu haiwezi kufanya kazi hiyo.

Yanayoharibika na sababu zake

Rangi ikigeuka kahawia na harufu ikawa kama ya mkate uliochomwa, tafuta sukari. Asali, glukosi na fruktosi hushikana na asidi amino na kupiga rangi, na joto huharakisha. Dihidroksiasetoni, iliyomo kwenye losheni za kutia rangi ya jua, hufanya hivyo kwa kasi. Ndiyo kazi yake kwenye ngozi, kwa hiyo isiwe kwenye chupa moja na asidi amino. Anayependa asali aipake wakati mwingine.

Harufu ya mchuzi tangu siku ya kwanza ni ya kiambato chenyewe. Punguza kipimo au nunua kilichosafishwa zaidi. Harufu iliyoanza baadaye ni jambo jingine kabisa. Ukiona pia mapovu, nyuzi zinazoelea, au chupa inapumua hewa ukiifungua, mwaga yote. Kuongeza kihifadhi kwenye kitu kilichokwisha kuoza hakuondoi sumu walizokwisha kuacha bakteria.

Kunata mara nyingi ni gliserini. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, ishushe hadi gramu 1 kwa nywele, la sivyo zitavimba na kusimama. Dodoma au Turkana wakati wa kiangazi unaweza kuiacha gramu 3, mradi upake juu ya unyevu na ufunge kwa mafuta. Ikiachwa wazi kwenye hewa kavu, ngozi hubaki imekakamaa.

Kuwasha au vipele: acha mara moja. Asidi amino zilizotengana kabisa ni ndogo mno kuzua mzio wa protini, lakini shehena iliyokatwa nusu huwa na peptidi ndefu. Japani, sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliyokatwa iliwaletea watu zaidi ya 2,000 mzio, wengine wakaanza kudhurika hata wakila vyakula vya ngano. Mwenye mzio wa samaki asitumie kolajeni ya samaki. Na kila mtu apime kwanza: paka kiasi cha tone kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, siku saba, pasipo kupaosha kwa sabuni kali.

Muda na mauzo

Vilivyotengenezwa nyumbani vimalize ndani ya miezi mitatu, mbali na jua na dirisha. Usitie vidole ndani ya kopo. Pampu ni bora kuliko kopo la mdomo mpana. Chupa kuu ya kimiminika ifungwe mara tu baada ya kupima, na umimine kiasi kwenye bika badala ya kuingiza kijiko.

Ukitaka kuuza, hesabu inabadilika. Mchanganyiko unahitaji kipimo cha maabara cha kuthibitisha kihifadhi, na usajili: Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya viwango husimamiwa na shirika la huko, KEBS. Kwenye lebo andika Collagen Amino Acids pale tu ambapo hati ya muuzaji inasema hivyo, taja mnyama, na andika namba ya shehena ili chupa moja ikileta malalamiko ujue ni zipi nyingine za kurudisha.